David Nash na sanamu zinazopasuka: kwa nini hatuzibi nyufa

Sisi tunaofanya kazi makumbusho tukiweka sanamu za mbao basi swali la kwanza la wageni ni hilo hilo, mbona hii imepasuka, au mmeiangusha? Hatujaiangusha jamani. Mtu mzuri wa kuelezea hili jambo ni David Nash, mchongaji wa kule Wales ambaye kazi yake karibu yote imejengwa juu ya huo ufa.

Kuzaliwa kazaliwa England, Esher, 1945, kasoma sanaa Kingston halafu Chelsea, ila kazi yake nyingi kaifanyia Blaenau Ffestiniog, mji wa machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba kaskazini mwa Wales, kwenye milima na mvua ya kutosha. Alikuwa anapajua tangu utotoni, familia ilikuwa inaenda huko likizo, na nyumba zilikuwa bei chee, kwa hiyo 1968 akanunua kanisa la zamani, Capel Rhiw, akaligeuza karakana, na hajahama tena.

Sasa fundi yeyote wa mbao atakwambia mti ukaushe kwanza. Nash yeye anauchonga ukiwa mbichi, kwa shoka au chenso (msumeno wa injini), na miti yenyewe ni ile iliyoanguka kwa upepo au kuugua. Sehemu ya nje inakauka na kusinyaa haraka kuliko moyo wa mti, ile nguvu ya kuvutana lazima itokee mahali, ndo unapata ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alichonga mipira tisa ya mbao akaiacha ipasuke yenyewe kila mmoja kivyake, na kwa maoni yangu hapo ndo alipojipata.

Ila kazi ninayopenda kuisimulia ni ile ya 1978. Alichonga bonge la mwaloni, la mviringo, kipenyo kama mita moja, uzito kama nusu tani, akataka kulishusha kwa kijito hadi barabarani alipeleke karakana. Likakwama kwenye maporomoko. Mtu mwingine angeita trekta, yeye akaliangalia akasema sawa, libaki humo humo, na likawa sanamu rasmi, akawa analifuata kwa kamera na michoro miaka na miaka. Maji yakaligeuza jeusi, mafuriko yakija linasogea kidogo, likikwama sehemu mbaya sana anasaidia kulisukuma, hadi likafika mto Dwyryd, na 2003 likawa kwenye mlango wa mto ambako maji ya bahari yanapanda na kushuka. Likapotea. Watu wakajua limeshaenda zake baharini, kumbe 2013 likaonekana tena! Halafu likapotea tena.

Nyingine ni ya kupanda. 1977, wakati wa vita baridi na uchumi mbovu, alipanda miche 22 ya miti aina ya ash kwa duara, akawa anaikata na kuipinda kwa ile mbinu ya wakulima wa kule ya kutengeneza ua hai, ili miaka thelathini mbele iwe kama kuba. Ikawa kweli, na mahali penyewe hapatangazwi. Shida ikaja fangasi inayoua miti ya ash Ulaya nzima, na kuba nalo likaugua. Nash hakuanza kuhangaika kuokoa umbo, akapanda mialoni kulizunguka. Wapo wanaosema kazi imekufa, mimi naona hawajamwelewa, maana tangu mwanzo miti hiyo haikuahidiwa kubaki vile ilivyo.

Heshima alishapata, Royal Academy, chama cha heshima cha wasanii huko London, walimchagua 1999, na 2012 bustani ya Kew London ikamfungulia eneo akachonga hapo hapo mbele ya wageni kwa miti yao wenyewe iliyokufa.

Kwa hiyo ukikuta ufa kwenye mbao mbichi ya namna hii, sisi hatuuzibi, tunapima tu upana wake na kudhibiti unyevu wa chumba usije ukaruka ghafla. Na zile nyeusi, zile anazounguza juu kwa moto wa gesi mpaka ziwe makaa, tafadhali msishike, masizi yanakuja na kidole na alama yako inabaki pale.