Utafiti tendaji si kazi ya vyuo vikuu pekee

Wakuu wengi wa shule huamini utafiti ni hojaji mia, takwimu nzito na ripoti ya kufungiwa kabatini. Sivyo. Tangu mwanasaikolojia Kurt Lewin aueleze mwaka 1946, utafiti tendaji (mtu kuchunguza na kuboresha kazi yake mwenyewe) ni mzunguko: panga, tenda, pima, rekebisha.

Tuseme wanafunzi wanachelewa. Daftari la mahudhurio halitoshi, maana aliyefika saa 3 mara nyingi huwekewa alama ileile ya aliyewahi. Mwalimu wa zamu aandike wachelewaji getini kwa wiki 4. Huenda tatizo ni Jumatatu tu. Kisha jaribu badiliko moja kwa wiki 4, uhesabu tena. Ukisogeza kengele na kuanzisha uji kwa pamoja, hutajua kipi kilisaidia. Wanafunzi nao wahojiwe na mwalimu waliyemzoea, maana mbele ya mkuu (fimbo ikiwa mezani!) watasema anachopenda kusikia.