Datsun 240Z ikikataa gia, usikimbilie kushusha giaboksi

"Fundi, gia haziingii. Klachi imekwisha, nipigie hesabu ya seti nzima."

Wenye Datsun 240Z wanaoniletea shida ya gia karibu wote huanza na maneno hayo, na wengine hufika na boksi la pleti mpya mkononi (pleti ni lile bamba la klachi linaloshikanisha injini na giaboksi). Gari hili lilitengenezwa kati ya 1969 na 1973, na kwetu Afrika Mashariki lina heshima yake: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena 1973. Yaliyobaki ni machache na ni mazee. Ndiyo maana naumia nikikuta giaboksi imeshushwa, pleti iliyokuwa bado nzuri imetupwa, na baada ya gharama yote hiyo rivasi bado inasaga vilevile.

"Gia ikikataa, pleti imelika"

Pleti iliyolika hufanya kinyume. Pleti ikiisha, klachi inateleza: unakanyaga ekseleta, injini inapanda sauti lakini gari haliongezi mwendo, na mlimani ndipo utaliona vizuri, pamoja na harufu ya kuungua. Gia zenyewe zinaingia bila shida. Lakini gia inayokataa, rivasi inayosaga, gari linalotaka kuondoka huku umekanyaga klachi hadi chini, hizo ni dalili za klachi isiyoachia. Moja haishiki, nyingine haiachii. Huwezi kutibu ya pili kwa dawa ya kwanza.

Klachi isiyoachia katika gari la umri huu naanza kuipima kwenye mfumo wa mafuta ya klachi: masta ya juu (pampu ndogo inayosukumwa na pedeli), masta ya chini (inayopokea mafuta hayo na kusukuma klachi), paipu na hosi ya mpira. Vyote viko nje ya giaboksi. Masta ya juu imefungwa kwenye ukuta unaotenga injini na ndani ya gari, mbele ya pedeli, ya chini imeshikwa na boliti mbili ubavuni mwa giaboksi. Raba za ndani zikichoka, mguu wako unakwenda mpaka chini lakini nguvu haifiki kwenye foku, ule mkono wa giaboksi unaoachisha klachi.

Fanya hivi kabla hujamruhusu mtu yeyote kugusa giaboksi. Washa injini, iache ingurume polepole bila kukanyaga ekseleta, kanyaga klachi yote, hesabu polepole hadi tatu, kisha ingiza rivasi. Rivasi haina sinkro (kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana), kwa hiyo haifichi kitu. Ikisaga, klachi haiachii. Zima injini, piga pedeli haraka mara kadhaa, washa, jaribu tena. Ikiingia laini safari hii, basi tatizo ni la mafuta: ama kuna upepo (hewa) ndani ya mafuta, ama raba imechoka. Pleti haiponi kwa kupigwa pedeli.

Sasa ingia chini ya gari, ukiwa umeliweka juu ya stendi za chuma na si jeki peke yake, na mtu mwingine akanyage. Angalia fimbo ya masta ya chini inavyosukuma foku. Nataka kuona mwendo unaozidi sentimita moja. Ukiwa mfupi kuliko hapo, acha giaboksi ilipo. Vuta kile kifuniko cha mpira cha masta ya chini. Kukiwa na majimaji ndani, mgonjwa umemwona. Shika hosi ya mpira wakati pedeli inakanyagwa. Ikivimba mkononi, inakula mwendo ambao ungefika kwenye foku. Kisha panda ndani, pitisha kidole pale fimbo ya pedeli inapoingia ukutani. Pakiwa pamelowa, masta ya juu inavuja kwenye kapeti, na wengi huwa hawaangalii huko kabisa.

Ikiwa fimbo inatembea vizuri na rivasi bado inasaga, hapo ndipo nitakubaliana nawe kwamba kosa liko ndani. Hata hivyo huenda si kulika kwa pleti. Inaweza kuwa imepinda, au ile bushi ndogo iliyo nyuma ya kranki shafti ya injini imeng'ang'ania shafti ya giaboksi. Na kama seti ilibadilishwa karibuni, naulizia kola ya rilizi beringi, yaani kishikio cha ile beringi inayosukumwa na foku ili klachi iachie. Datsun za familia hii zilitumia presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti) za vimo tofauti, na kila moja ilikuja na kola yake. Fundi anayenunua presha pleti ya aina nyingine na kurudisha kola ya zamani anafunga klachi isiyoweza kuachia, hata masta zote mbili ziwe mpya. Kipimo tunachotumia ni kama milimita 92 kutoka uso wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) hadi pale foku inapokaa kwenye kola, presha pleti ikiwa imefungwa. Pima hapo juu ya meza, giaboksi ikiwa bado haijarudishwa. Anayekwambia "zote zinaingiliana" hajawahi kupima.

"Hakuna kinachovuja, basi masta ni nzima"

Si kweli. Raba ya masta ya juu inaweza kupitisha mafuta ndani kwa ndani, yakarudi kwenye kikopo chake cha akiba bila tone kudondoka. Dalili yake iko wazi: ukisimama kwenye foleni na gia ya kwanza, mguu chini, baada ya muda gari linaanza kujivuta taratibu. Kiwango cha mafuta hakijashuka hata kidogo, lakini masta imekufa.

"Pedeli ikiwa chini, refusha fimbo"

Hii inanikera karibu sawa na ile ya kwanza, kwa sababu inatengeneza ugonjwa mpya. Fimbo ya pedeli lazima iwe na nafasi ndogo kabla ya kugusa pistoni, ili pistoni irudi nyuma kabisa na kufungua kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kikopo. Ukiirefusha kupita kiasi, kitundu kinabaki kimezibwa. Joto la injini linatanua mafuta, hayana pa kwenda, yanasukuma foku, na klachi inaanza kuteleza gari likipata moto. Mwenye gari anaona inateleza, anarudi kwenye wimbo wa "pleti imekwisha". Ukiona klachi inayoteleza ikiwa ya moto tu, legeza nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya masta ya chini. Mafuta yakiruka kwa nguvu bila mtu kukanyaga na klachi ikashika tena, rudisha fimbo ilipokuwa. Kwa gari za mwanzo zenye springi kwenye foku na fimbo ya chini inayorekebishwa, pale kwenye foku acha nafasi ya kuchezacheza ya milimita mbili hivi.

"Mafuta ni mafuta"

Hapana. Oili ya injini au ya giaboksi otomatiki inavimbisha raba za mfumo huu, na baada ya hapo utabadilisha kila kitu, pamoja na hosi. Tumia DOT 3 au DOT 4. Na namba kubwa haimaanishi bora: DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo mbili. DOT 5.1 ni jamii ya DOT 4, kwa hiyo soma chupa hadi mwisho. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, unyevu unaleta kutu, kutu inakwangua raba. Pwani mimi nabadilisha kila mwaka; bara, kila miaka miwili.

"Badilisha raba tu, inatosha"

Inatosha endapo ukuta wa silinda ni laini. Ukipitisha ukucha na kuhisi vishimo, raba mpya itakatika upesi. Na nabadilisha masta zote mbili kwa pamoja. Moja ikipata nguvu mpya, ile nzee huachia muda si mrefu, na unalipa kazi mara mbili.

"Upepo hautoki, labda masta mpya ni feki"

Huenda. Ila kwanza fungua masta ya chini kwenye boliti zake, iinue ili nipeli iwe juu, na urudishe pistoni yake ndani yote kabla ya kuanza kutoa upepo. Isukume polepole, kikopo kikiwa wazi, na utaona mapovu yakipanda. Wakati huo asikanyage mtu yeyote, la sivyo pistoni itaruka nje na mafuta yatakuingia machoni.