Melanini, jua la Nairobi na krimu unayoificha mkobani: maswali na majibu

Melanini ni nini?
Ni rangi asilia ya ngozi, nywele na macho. Mweusi na mweupe wana seli za kuitengeneza zinazokaribiana kwa idadi. Tofauti iko kwenye wingi na ukubwa wa punje za rangi.

Jua likipiga inafanya nini?
Ndani ya seli za ngozi, punje hizo hukaa juu ya kiini kama kofia. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana na inayounguza, ikishuka, melanini huinyonya nyingi na kuigeuza joto kabla haijafikia DNA, yaani vinasaba vilivyomo kwenye kiini. Jua likizidi, ngozi hutengeneza melanini zaidi. Ndiyo maana ukitoka mashambani baada ya wiki mbili za kulima unarudi mweusi zaidi. Huo si uchafu wa kusugua. Ngozi inajikinga.

Lakini Nairobi ni baridi!
Baridi ya Julai haizuii miale. Tuko karibu na ikweta, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya kuichuja inavyopungua.

Krimu za kujichubua zinafanya nini hasa?
Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki huzuia melanini isitengenezwe. Steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, hufifisha rangi na kuikondesha ngozi. Unavuliwa kofia, kisha unatoka kwenda kusimama steji saa saba mchana.

Mimi ni daktari, na kila mara hukaa mbele yangu dada mwenye uso mweupe na viungo vya vidole vyeusi, mishipa midogo myekundu imejichora mashavuni kama nyuzi. Anaomba krimu kali zaidi kwa kuwa "weusi umerudi". Dada yangu, haukurudi. Weusi ule wenye samawati mashavuni mara nyingi huletwa na haidrokwinoni yenyewe ikipakwa muda mrefu, na jua huuzidisha. Ukiongeza krimu, unauongeza. Kuutoa ni kazi ngumu mno.

Lazima nimwambie daktari ninachopaka?
Ndiyo. Njoo na mkebe wenyewe, hata kama hauna lebo.

Kwani si mafuta tu?
Si mafuta tu! Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Steroidi hugeuza sura ya choa hadi tukakosea ugonjwa, ukatibiwa miezi bila nafuu huku krimu imelala mkobani, hatua moja kutoka mezani pangu. Tafadhali, njoo na mkebe.

Basi niache leo?
Yenye zebaki au haidrokwinoni, acha leo. Steroidi iliyopakwa miezi mingi ikiachwa ghafla, uso unaweza kuwaka na kuvimba; wengi huogopa, wakairudia. Hiyo tutaiacha pamoja, kwa mpango. Hujui iliyomo? Usikisie, wala usisubiri mwisho wa mwezi. Njoo nayo kesho asubuhi, na uvae kofia pana njiani.