Mahindi yamedumaa? Usikimbilie urea
Wabongo wengi wenye vishamba vya wikiendi huko Kisarawe na Mkuranga wanaamini mahindi yakidumaa dawa ni mbolea, ikigoma ongeza tena. Sasa kama udongo una asidi, yaani pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imepanda) chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni inayeyuka inaharibu mizizi, ng'oa mche uone, mizizi mifupi minene imevimba ncha, na fosforasi, kirutubisho cha kwenye mbolea uliyonunua kwa hela nyingi inang'ang'aniwa na udongo hukohuko mmea hauipati. Urea na SA (salfeti ya amonia), mbolea za nitrojeni, ndo zinazidisha asidi kabisa! Pima pH ya udongo kwanza, asidi ikizidi weka chokaa ya kilimo kuipunguza, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, sio kunyunyizia juujuu. Majivu ya kuni nayo yanasaidia, ila ya ekari nzima utayatoa wapi? Kama pH iko poa chokaa achana nayo, ikizidi mmea unakosa zinki na chuma.