Je, apt remove huondoa kila kitu?

Watumiaji wengi wa Ubuntu na Debian, mifumo endeshi ya Linux, huamini kwamba ukishaandika amri ya kuondoa programu, sudo apt remove, programu imeondoka na kila kilicho chake. Si ajabu, maana amri yenyewe inasema "ondoa".

Kinachoondoka ni programu. Faili zake za mipangilio ya mfumo, ambazo aghalabu hukaa ndani ya folda ya /etc, huachwa makusudi, ili ukiisakinisha tena uikute ulivyoipanga. Kwa aliyehangaika siku nzima kurekebisha seva, huo ni msaada mkubwa.

Hakikisha mwenyewe. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

dpkg -l | grep '^rc'

Kila mstari utakaotokea ni programu iliyoondolewa lakini mipangilio yake ingalipo. Ukitaka nayo iende, andika sudo apt purge ukifuatisha jina la programu, hata kama uliiondoa zamani.

Vifurushi vilivyoletwa kuitegemeza programu hiyo huondolewa na sudo apt autoremove. Tafadhali soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali. Faili zilizo kwenye folda yako binafsi, kwa mfano ndani ya ~/.config, hata purge haizigusi. Hizo utazifuta mwenyewe.