Fuwele ya kimeng'enya: kwa nini mwani husafishwa kabla ya kupigwa eksirei

Katika ukanda wa miwa kati ya Muhoroni na Kisumu, muwa mmoja hutoa vitu viwili. Kiwandani, maji yake hutiwa chokaa, huchujwa, kisha hupikwa polepole mpaka yatoe sukari yenye chembe zinazometameta. Kwenye vibanda vya kusaga miwa, maji yale yale huchemshwa pamoja na karibu kila kilichomo, yakaganda kuwa donge la kahawia: sukari nguru. Zote mbili ni tamu, lakini chembe kubwa, safi, zenye kingo zilizonyooka, utazipata kwenye ile iliyosafishwa tu.

Anayetaka kujua umbo la kimeng'enya cha mwani hukutana na jambo hilohilo. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kemikali ndani ya kiumbe hai. Fuwele ni kitu kigumu ambacho molekuli zake zimejipanga safu kwa safu, kila moja ikielekea kama mwenzake. Kuna wakati wanasayansi wengi walikataa kwamba kimeng'enya ni protini, mpaka James Sumner wa Marekani alipopata fuwele za kimeng'enya kiitwacho urease kutoka kwenye maharagwe mwaka 1926. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Tuchukue mfano wa rubisco, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi ya hewani ili mmea utengeneze sukari. Bila hicho hakuna muwa wala mahindi. Kimo pia ndani ya Chlamydomonas, mwani wa kijani wa seli moja unaoishi kwenye maji baridi na udongo wenye unyevu. (Utando wa kijani unaotanda Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, na chakula cha heroe wa Ziwa Nakuru, navyo huitwa mwani, ila kwa sehemu kubwa ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea.)

Kwanza seli hupasuliwa, kwa mfano kwa mawimbi ya sauti, na kazi yote hufanywa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi. Baridi ni ya lazima. Seli ikipasuka, vimeng'enya vinavyotafuna protini huachiliwa huru na vinaweza kukila kile unachokitafuta. Mashine ya kuzungusha kwa kasi hutupa mabaki chini, juu ikabaki supu yenye maelfu ya protini. Kisha hutiwa amonia salfeti, chumvi ambayo wakulima wanaijua kama mbolea ya SA, ila ya maabara ni safi zaidi. Chumvi hiyo hushindania maji na protini, nazo huanza kuzama, kila aina kwa kiwango chake cha chumvi.

Hatua ninayoipenda zaidi ni kupitisha protini hizo kwenye mrija uliojaa shanga ndogo zenye vitundu. Ungedhani molekuli ndogo ndizo zingetangulia kutoka. La, kubwa ndizo hutangulia! Ndogo huingia kwenye kila kitundu na kuchelewa humo, kama mtoto anayetumwa dukani akasimama kila kibanda, ilhali kubwa hazipenyi popote, hivyo hupita moja kwa moja. Rubisco ni kubwa mno: vipande 8 vikubwa na 8 vidogo vilivyoshikana. Kwa hiyo hutoka mapema, na protini nyingi nyingine hubaki nyuma.

Usafi ukitosha, tone la protini lisilozidi mikrolita (sehemu za milioni za lita) chache huchanganywa na kimiminika cha kuivuta izame, likaning'inizwa chini ya kioo juu ya kisima kidogo kilichofunikwa kabisa. Maji hutoka kwenye tone taratibu, siku hadi wiki, na molekuli hukaribiana. Zikiharakisha, zinaganda ovyo, ukapata nguru. Zikienda polepole, hujipanga. Watafiti hujaribu mamia ya michanganyiko kwa sababu hakuna anayeweza kutabiri ni upi utakaokubali, na pengine hupandikiza vipande vidogo vya fuwele iliyotangulia ili mpya ikue juu yake, kama fundi kiwandani anavyotia sukari laini sana kwenye sharubati nzito.

Kwa nini taabu yote hii? Molekuli moja hutawanya eksirei kwa unyonge usiopimika. Fuwele yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita hubeba mamia ya mabilioni ya rubisco, zote zikielekea upande mmoja, nazo hurudisha mwangwi kwa pamoja kama kwaya. Eksirei zilizotawanywa huacha madoa, nayo hukokotolewa kwa kompyuta mpaka ramani ya atomi ipatikane. Ukiwa na uchafu, safu huvurugika na madoa hufifia.

Kwa njia hiyo, mwaka 2001 umbo la rubisco ya Chlamydomonas lilichapishwa kwa undani wa angstromu 1.4 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), kiasi cha kutofautisha karibu kila atomi. Likaonyesha kitu ambacho supu ya mwani isingeweza kukionyesha: kwenye kila kipande kidogo kuna kitanzi cha asidi amino (viungo vinavyojenga protini) 28, kilichozunguka mlango wa mfereji wa katikati, wakati kitanzi hicho kwenye spinachi kina 22.