Kuomboleza ni nini katika imani ya Kikristo?

Msibani, mfiwa akishindwa kujizuia, hakosekani mtu wa kumwambia, "Nyamaza, wewe si umeokoka?" Kisha hufuata mstari wa Ayubu, yule wa Biblia aliyefiwa na watoto wake wote: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa." Anayesema hivyo huwa na nia njema, lakini maneno hayo yamo katika sura ya kwanza tu ya kitabu cha Ayubu. Ukifika sura ya tatu, Ayubu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa, na anaendelea kumhoji Mungu sura baada ya sura. Mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anawakemea rafiki za Ayubu waliokuwa wakimtetea Mungu kwa hoja nzuri nzuri, na kusema kuwa aliyenena vema habari zake ni Ayubu.

Hapo ndipo tunapoanza kuielewa dhana ya kuomboleza. Katika Biblia, kuomboleza ni kumpelekea Mungu uchungu wako mwenyewe, bila kuupamba, ukimtaka aone, asikie na atende. Ni sala. Waisraeli jangwani walinung'unika wakimsema Mungu hemani mwao, wao kwa wao, na hilo likawa kosa. Mwombolezaji huuliza maswali makali zaidi, ila humgeukia Mungu mwenyewe na kumuuliza. Asiyeamini kwamba kuna anayesikia hana sababu ya kuuliza "hata lini?"

Takribani theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni sala za namna hii. Zaburi ya 13 ni fupi, mistari sita tu, na inafaa kwa anayeanza. Daudi anauliza "hata lini" mara nne mfululizo, anaomba Mungu amwangalie na kumjibu, kisha anasema amezitumainia fadhili zake na atamwimbia. Hali yake haijabadilika kati ya mstari wa kwanza na wa sita. Adui bado yupo. Kilichobadilika ni kwamba yote yaliyomkaa moyoni ameshayasema mbele za Mungu.

Lakini si kila zaburi inafika huko. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita BWANA "Mungu wa wokovu wangu" na inamalizikia gizani, bila neno la faraja. Nashukuru kwamba waliozikusanya Zaburi hawakuiacha nje, wala hawakuiongezea mstari wa furaha.

Kipo pia kitabu kizima cha Maombolezo, kilichotokana na kuanguka kwa Yerusalemu mikononi mwa Wababeli, karibu mwaka 586 kabla ya Kristo. Hekalu lilichomwa, watoto walikufa kwa njaa, watu walipelekwa utumwani. Sura zake nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, kana kwamba mwandishi aliamua kulia kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho asibakize kitu. Sura ya tatu ina mistari 66, mitatu kwa kila herufi, na katikati ya kitabu ndipo tunapokutana na maneno tunayoyapenda: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii." Rehema zake ni mpya kila siku asubuhi. Wengi wetu tunayajua kama maneno ya kushukuru asubuhi yenye baraka, kumbe yalisemwa juu ya magofu. Na baada yake kilio kinaanza tena, sura mbili zaidi. Tumaini hapa halikungoja machozi yaishe.

Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa rafiki yake Lazaro, akijua kwamba dakika chache baadaye angemfufua. Msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kwa hiyo Paulo anapowaandikia Wathesalonike wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini", hawakatazi huzuni. Anawaeleza kwamba waliolala, yaani waliokufa, katika Kristo watafufuliwa, ili walie wakiwa na ahadi hiyo mkononi.

Uponyaji unaotokana na kuomboleza mara nyingi huja polepole. Usingizi unarudi, jina la marehemu linaweza kutajwa mezani, mtu anaweza tena kuimba ubeti mmoja kanisani. Nisisitize jambo moja: maombi hayazuii tiba. Nabii Elia alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimwachia alale, akampa mkate na maji; Elia akalala tena, akala tena. Mtu ambaye huzuni imemzidi hadi hawezi kula, au anawaza kujidhuru, apelekwe kwa daktari au mshauri nasaha, na waumini waendelee kumwombea huko huko.

Kwa anayemfariji mwingine, rafiki za Ayubu walianza vizuri kabla hawajaharibu: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkuu. Nasi matanga yetu yanatupa nafasi hiyohiyo. Kaa na mfiwa, pika, chota maji, na akitaka kuomba lakini maneno yakamkataa, msomee Zaburi ya 13 taratibu, naye aitikie pale anapoweza.